Somo: Safari ya Vizazi Vitatu Kutoka Dar es Salaam Hadi Bustani za Michezo za Kisiwa cha Yas

Safari ya familia kubwa hupangwa kwa kuangalia magoti ya mzee na usingizi wa mtoto mdogo. Waliobaki katikati watajimudu. Mimi nililijua hilo kwa kuchelewa. Desemba moja tuliondoka Tabata watu 11, mkubwa wetu akiwa mama yangu mwenye miaka 74 na mdogo akiwa mjukuu wake wa miaka 3, tukaenda kisiwa cha Yas kilichoko Abu Dhabi, Falme za Kiarabu, na siku ya kwanza tuliingia langoni mwa bustani wote pamoja kama msafara wa harusi, tukiwafuata vijana walikotaka. Ilipofika saa nane mchana mama alikuwa ameketi kwenye benchi, amevua viatu, miguu imevimba, na mtoto amelala begani mwa baba yake huku ramani ya bustani ikiwa imekunjikakunjika mkononi mwake. Siku zilizofuata tulizipanga upya usiku ule hotelini, na mpango huo uliotengenezwa kwa uchovu ndio msingi wa somo hili.

Wengi wetu tukitajiwa bustani kubwa za michezo hufikiria Marekani, lakini kwa mkazi wa Dar es Salaam kisiwa cha Yas kiko karibu zaidi na hakimchoshi mzee kwa kiasi kile. Ndege ya moja kwa moja hadi Dubai huchukua kama saa tano na nusu, na kutoka Dubai hadi Yas ni mwendo wa gari wa saa moja na zaidi kidogo. Kisiwani humo kuna bustani nne kubwa: Ferrari World iliyofunguliwa mwaka 2010, Yas Waterworld ya mwaka 2013, Warner Bros. World ya mwaka 2018, na SeaWorld ya mwaka 2023. Ukiiondoa ile ya maji, sehemu kubwa ya hizo nyingine iko ndani ya majengo yenye viyoyozi. Saa za huko zimetangulia za kwetu kwa saa moja tu, soketi za umeme ni zilezile za matundu matatu tunazotumia nyumbani, na chakula halali na mahali pa kuswali si mambo ya kuulizia.

Hatua ya kwanza ni kikao. Kikao hiki kifanyike ana kwa ana, mzee akiwepo, wala kisiachiwe kundi la simu ambamo kila mtu hujibu "sawa" na hakuna anayetoa pesa. Yaamuliwe mambo mawili tu: nani anamlipia nani, na nani mtunza hazina. Sisi tuliweka mchango wa kila mwezi kwa miezi 14, ukipelekwa kwenye akaunti moja ya benki yenye watia saini wawili, na tulikubaliana mapema kwamba atakayejitoa baada ya tiketi kukatwa atarudishiwa kile tu ambacho shirika la ndege litarudisha. Kipengele hicho kiliwaudhi watu wawili siku kilipopitishwa, lakini baadaye kilituokoa na ugomvi mkubwa. Katika hesabu zenu kumbukeni kwamba dirham imefungwa kwenye dola kwa takriban dirham 3.67 kwa dola moja, kwa hiyo mtikisiko mnaopaswa kuuangalia ni wa shilingi dhidi ya dola.

Hatua ya pili ni pasipoti, na hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo safari nyingi za wazee hufia. Pasipoti ya kawaida ya Tanzania ina ada ya shilingi 150,000, na maombi yake huanza mtandaoni kisha mwombaji hufika mwenyewe Uhamiaji kwa ajili ya picha na alama za vidole. Kwa kijana mwenye cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha taifa jambo hili ni jepesi. Kwa mzee aliyezaliwa kijijini kabla ya Uhuru, ambaye hakuwahi kuwa na cheti, kazi huanzia kwenye kiapo cha kuzaliwa. Mama yangu alikuwa na karatasi zote, ila jina la baba yake liliandikwa Athumani kwenye kitambulisho na Othman kwenye cheti. Sisi nyumbani tunajua kwamba huyo ni mtu mmoja, lakini karatasi haijui, na ilibidi tumwone wakili kwa hati ya kiapo na kwenda ofisi za Uhamiaji Kurasini mara mbili. Kwa hiyo zitandazeni karatasi za mzee mezani miezi sita kabla ya safari, mzisome jina kwa jina, herufi kwa herufi. Wenye pasipoti tayari waangalie tarehe ya mwisho, kwani zinatakiwa ziwe zimebakiza angalau miezi sita. Viza ya utalii ya Falme za Kiarabu huombwa kwa njia ya kielektroniki kupitia shirika la ndege, hoteli au wakala, na jina litakaloandikwa humo lifanane kabisa na lile la kwenye pasipoti.

Hatua ya tatu ni kuchagua tarehe. Kuanzia Mei hadi Septemba joto la huko huweza kupita nyuzi 40, na hata kama bustani zina viyoyozi, kutoka mlangoni hadi kwenye gari kunatosha kumlegeza mtu mzima. Novemba hadi Machi hali ni nzuri, na likizo ya shule ya Desemba inaangukia hapohapo, ingawa ndiyo miezi ambayo watu hujaa na bei hupanda. Angalieni pia kalenda ya Ramadhani, kwa sababu saa za kufungua hubadilika.

Hatua ya nne sijaona wengi wakiifanya, nami naisisitiza kuliko zote: fanyeni siku ya majaribio hapahapa Dar es Salaam. Jumamosi moja wapelekeni watu wote watakaosafiri kwenye bustani ya maji ya Kunduchi, au hata Mlimani City, mkae kutwa nzima, na mtu mmoja aandike. Mzee alitembea kwa dakika ngapi kabla ya kutafuta kiti? Alikwenda chooni mara ngapi? Mtoto alianza kulia saa ngapi? Nani aligombana na nani, na ilikuwa kabla au baada ya kula? Siku hiyo pia pimeni urefu wa watoto kwa futi ya fundi cherehani, wakiwa wamevaa viatu watakavyosafiri navyo, kisha linganisheni na urefu unaotakiwa kwa kila mchezo, ambao bustani huutangaza kwenye tovuti zao. Mtoto anayeambiwa nyumbani kwamba hajafikia kipimo hununa siku moja. Anayeambiwa langoni, akiwa amepanga foleni nusu saa, huiharibia familia mchana mzima.

Hatua ya tano ni dawa. Falme za Kiarabu ni wakali mno katika suala hili, na baadhi ya dawa ambazo wazee wetu hupewa kwa maumivu au usingizi, zikiwemo zenye kodeini, tramadoli na diazepamu, zinahitaji kibali cha wizara ya afya ya huko kabla hujafika. Dawa zote zisafiri katika paketi zake halisi pamoja na barua ya daktari iliyoandikwa kwa Kiingereza. Vile vidonge ambavyo bibi huvifunga kwenye pindo la kanga visipande ndege. Insulini na dawa za presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, si katika sanduku linalokwenda chini ya ndege.

Hatua ya sita inahusu ndege na vyumba. Ombeni kiti cha magurudumu cha uwanja wa ndege wakati wa kukata tiketi, hata kama mzee anatembea, kwa kuwa anayesukumwa hupitishwa mbele na wanaoambatana naye hunufaika. Hotelini ombeni vyumba vyenye mlango wa katikati na vilivyo karibu na lifti, nanyi mpate jibu kwa maandishi. Wakala wetu alituahidi hayo kwa mdomo tu, tukajikuta mama yuko ghorofa ya tatu na sisi ya tisa. Mwisho, someni saa ya tiketi kwa makini. Tiketi inayosema saa 03:40 tarehe 19 maana yake ni saa tisa na dakika 40 usiku wa kuamkia tarehe 19, kwa hiyo mtaondoka nyumbani jioni ya tarehe 18. Wazee wanaohesabu usiku kuwa ni wa siku inayofuata hawakosei hapa. Ni sisi vijana tunaofika uwanjani siku moja baadaye tukiwa na masanduku yetu.

Hatua ya saba ni siku yenyewe. Bustani moja kwa siku, na baada ya siku mbili pumzikeni. Asubuhi gawanyikeni katika makundi mawili: kundi la mbio na kundi la taratibu. Ferrari World ni ya kundi la mbio, kwani humo kuna Formula Rossa, kigari cha reli kinachofikia kilomita 240 kwa saa, na wapandao huvalishwa miwani ili upepo usiwaumize macho. Mzee hana haja ya kuingia humo ikiwa anaweza kubaki akitembea katika Yas Mall, ambayo imeungana nayo. Warner Bros. World inafaa watoto wadogo, hasa eneo la katuni, na kwa kuwa yote iko ndani, viti haviko mbali. Wote wakutane mahali palipotajwa saa saba kamili kwa chakula, na saa nane wazee na watoto warudi hotelini kulala, gharama ya teksi ikiwa imeshawekwa kwenye bajeti. Kila mwanamke abebe kanga na kila mwanamume kikoi, maana baridi ya viyoyozi vile haina huruma na viungo vya wazee.

Siku ambayo bado inasimuliwa nyumbani kwetu ni ya SeaWorld, ambako hatukupanda chochote cha kasi. Humo kuna tangi la maji yanayozidi lita milioni 25, na kioo chake kimepanda hadi juu ya vichwa vya watu. Mama, aliyekulia Kilwa Kivinje, alisimamisha kiti chake cha magurudumu mbele ya kioo kile akaanza kuwataja samaki kwa majina: taa, papa, chewa, kolekole. Wajukuu waliokuwa wamemwacha nyuma kwa siku mbili walirudi mmoja mmoja wakakaa sakafuni, na mmoja akauliza yupi kati yao ndiye anayewekwa kwenye wali wa nazi. Tulikaa hapo karibu saa nzima. Tangu siku hiyo kiti cha mama kilitangulia mbele, nasi tukafuata mwendo wake.

Maswali ya wanachama wa kikundi chetu kuhusu somo hili

Mwanachama wa Mbagala: Shikamoo dada. Watoto wangu wanasema Disney wako huko huko Yas, na kuna mtu ameniahidi tiketi. Ni kweli?

Marahaba, mdogo wangu. Disney walitangaza Mei 2025 kwamba watakuwa na bustani kisiwani Yas, lakini kutangaza si kufungua. Mwambie mtu huyo akuonyeshe tiketi hiyo kwenye tovuti ya bustani yenyewe, na ukiona anakwepa, shika fedha zako.

Mwanachama wa Kigamboni: Mimi na mume wangu hatutapata likizo. Je, bibi anaweza kusafiri na wajukuu bila sisi?

Anaweza, ila abebe vyeti vya kuzaliwa vya watoto na barua ya idhini iliyosainiwa na wazazi wote wawili mbele ya wakili, na ulizeni shirika la ndege mapema iwapo lina fomu yake. Ningeomba pia aende mtu mzima mwingine, kwa kuwa bibi mmoja hawezi kumsubiri mtoto mlangoni mwa mchezo na wakati huohuo kumpeleka mwingine chooni.

Mwanachama wa Temeke: Baba yangu ni imamu mstaafu, anasema hana la kufanya kwenye mabembea. Tumwache?

Shikamoo yangu imfikie mzee. Msimwache, mpeni siku yake. Msikiti Mkuu wa Sheikh Zayed uko mwendo mfupi wa gari kutoka Yas, kuingia ni bure kwa utaratibu wa kujiandikisha mtandaoni, na unachukua waumini zaidi ya 40,000. Mwacheni yeye apange siku hiyo kuanzia asubuhi hadi jioni, na vijana wafuate ratiba yake bila kunung'unika, kama yeye atakavyofuata yao.

Mwanachama wa Sinza: Tunaweza kuingia na chakula chetu? Mama hali vyakula vya hotelini.

Bustani hizo huzuia chakula cha nje, isipokuwa cha mtoto mchanga na cha wenye sababu za kiafya. Sisi tulichukua vyumba vyenye jiko dogo, tukabeba unga wa sembe kilo tano, na mama alikula ugali wake usiku. Mchana alikunywa chai na kula wali wa Kihindi uliouzwa kwenye migahawa, akalalamika kidogo kuhusu chumvi.

Mwanachama wa Ukonga: Kwa nini tusiende Mikumi tu, dada? Treni hadi Morogoro ipo.

Nendeni, na hatua ya kwanza, ya nne na ya tano zibaki kama zilivyo. Pasipoti ya bibi ianzeni hata hivyo.