Namna ya Kulifikisha Ombi la Mtaa Wako Katika Bajeti ya Kaunti ya Mombasa

Kila mwaka masika yanapokolea, na hasa mwezi wa Mei, maji ya mvua hujaa katika mitaa mingi ya Mombasa na kuingia majumbani na madukani, na ndipo wakazi wanapoanza kudai mitaro kwa sauti moja. Dai lenyewe ni la haki, lakini huja wakati mbaya. Kufikia tarehe 30 Aprili, sheria inataka makadirio ya bajeti ya mwaka ujao yawe yamekwisha kuwasilishwa katika Bunge la Kaunti, na kiasi ambacho kila idara itapata huwa kimejadiliwa wiki kadhaa kabla ya hapo. Mkazi anayesimama mwezi wa Juni katika ukumbi wa kijamii na kueleza kwa uchungu jinsi watoto walivyovuka maji machafu wakienda shule anasikilizwa kwa heshima, anaandikwa katika daftari la mahudhurio, kisha mtaro wake unangoja mwaka mwingine. Mwongozo huu unamwelekeza mkazi huyo aingie mlango gani, lini, na akiwa na nini mkononi.

Kwanza ni lazima ujue nani mwenye uamuzi. Mombasa ni jiji na kaunti kwa pamoja, kwa hiyo uamuzi wa mambo ya jiji uko mikononi mwa Gavana na mawaziri wake wa kaunti kwa upande mmoja, na Bunge la Kaunti kwa upande mwingine. Katika bunge hilo huketi wawakilishi waliochaguliwa kutoka wadi 30 za Mvita, Nyali, Kisauni, Changamwe, Jomvu na Likoni, pamoja na wale walioteuliwa. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kazi nyingi ambazo mkazi huzigusa kila siku: zahanati na hospitali za kaunti, masoko, usafi na taka, barabara za kaunti na taa zake, maegesho ya magari, mitaro ya maji ya mvua, maji safi, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji na huduma ya zimamoto. Polisi, bandari, shule za msingi na sekondari, pamoja na kivuko cha Likoni, vimo mikononi mwa serikali ya kitaifa, na kumwandikia Gavana kuhusu mambo hayo ni kupoteza karatasi.

Mitaro inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu aghalabu mtaro hufuata barabara. Kama unaanza kando ya barabara kuu ya kwenda Nairobi inayopita Changamwe na Miritini, basi sehemu hiyo ni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Barabara Kuu. Kama uko kando ya barabara ya mjini inayosimamiwa na Mamlaka ya Barabara za Mijini, nayo pia ni ya serikali ya kitaifa. Lakini ukiwa ndani ya mtaa, kwenye barabara isiyo ya mojawapo ya taasisi hizo, ni wa kaunti. Mwulize msimamizi wa wadi, yaani ofisa aliyeajiriwa na kaunti kuisimamia wadi yako, kabla ya kuandika neno lolote, na umwombe jibu lake kwa maandishi ikiwezekana. Maombi mengi mazuri huzunguka kutoka ofisi moja hadi nyingine kwa miezi kadhaa kwa sababu tu hakuna aliyeuliza swali hili mwanzoni.

Baada ya hapo, ijue kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe ambazo serikali ya kaunti inapaswa kuzifuata. Juu ya yote kuna Mpango Jumuishi wa Maendeleo ya Kaunti, ambao maofisa huuita CIDP, unaodumu miaka mitano. Ulioko sasa ni wa 2023 hadi 2027. Kutokana na mpango huo hutengenezwa Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao hufikishwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, yaani miezi kumi kamili kabla ya mwaka wa fedha unaohusika kuanza. Kufikia mwisho wa Septemba huandaliwa taarifa ya kupitia mapato na matumizi ya mwaka uliopita. Kisha kufikia tarehe 28 Februari huja Waraka wa Mkakati wa Fedha, ambao ndio unaopendekeza afya ipate kiasi gani, barabara kiasi gani, na maji na mazingira kiasi gani. Makadirio yenyewe hufika bungeni kufikia tarehe 30 Aprili, na bunge linatakiwa liwe limeyapitisha kabla ya mwezi wa Juni kuisha.

Katika tarehe hizi zote, naona mbili ndizo zenye uzito kwa mkazi wa kawaida: Agosti, kabla Mpango wa Mwaka haujafungwa, na Januari hadi mwanzo wa Februari, kabla ya Waraka wa Mkakati. Mradi ambao haumo katika Mpango wa Mwaka una kazi ngumu ya kupenya katika makadirio baadaye, kwa kuwa ofisa wa idara anaweza kukataa kwa hoja ya kisheria kwamba haukupangwa. Vivyo hivyo, idara ambayo imewekewa kiwango kidogo mwezi wa Februari haitapata fedha za mtaro wako mwezi wa Mei, hata kama mwakilishi wadi wako ana nia njema. Na kumbuka kwamba mikutano ya hadhara inayotangazwa zaidi, ile ambayo watu hujaa ukumbini, mara nyingi ndiyo ya mwisho, ambapo nafasi ya kubadilisha jambo imebaki ndogo.

Kwa hiyo mvua ya Mei itumie kukusanya ushahidi. Piga picha za maji yakiwa yamesimama, na katika picha iwemo alama ambayo mtu asiye wa mtaa wenu anaweza kuitambua: msikiti, shule, kituo cha matatu, nguzo ya umeme yenye namba. Andika tarehe na saa. Mvua ikikatika, tembea na kamba au utepe wa kupimia kutoka pale maji yanapoanza kujaa mpaka pale yanapopaswa kutokea, uandike urefu wake kwa mita, na uchore ramani ndogo kwa mkono ukionyesha mteremko unakoelekea. Hesabu nyumba na maduka yanayoathirika. Uliza katika zahanati ya karibu kama wagonjwa wa kuhara huongezeka katika majuma hayo. Haya yote yanaweza kufanywa na vijana wanne wa mtaa kwa siku moja, nayo yana nguvu kuliko hotuba kumi, kwa sababu mhandisi wa kaunti anayeyapokea anaweza kuanza kukadiria gharama siku hiyo hiyo.

Sasa liandike ombi, lisizidi kurasa mbili. Lugha ya Kiswahili inatosha kabisa. Ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi, na hakuna ofisi ya kaunti inayoweza kukurudisha kwa sababu hukuandika Kiingereza. Aya ya kwanza iseme unachotaka bila kuzunguka, kwa mfano: «Sisi wakazi wa mtaa huu, wadi ya Mtongwe, tunaomba mtaro wa maji ya mvua wenye urefu wa takriban mita 300, kuanzia nyuma ya msikiti hadi kwenye kalvati ya barabara ya chini, uingizwe katika Mpango wa Maendeleo wa Mwaka ujao chini ya idara inayohusika na mitaro.» Aya ya pili ieleze madhara, ukitaja picha na hesabu ulizoambatisha. Ya tatu itaje ahadi iliyomo katika mpango wa miaka mitano, kama ipo, kwa kunukuu ukurasa wake, kwa kuwa ni vigumu serikali kukataa jambo ambalo imekwisha kuliahidi kwa maandishi yake yenyewe. Mwisho ziwekwe sahihi, majina na namba za simu za wakazi wawili au watatu watakaofuatilia. Hapo juu nimetumia Mtongwe kwa mfano tu. Utaratibu ni ule ule kwa Mikindani, Kongowea, Mjambere au Chaani.

Peleka nakala kwa msimamizi wa wadi, kwa mwakilishi wadi, kwa afisa mkuu wa idara husika, na kwa karani wa Bunge la Kaunti. Kwa kila ofisi beba nakala mbili, moja wabaki nayo na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Usikubali kuambiwa «acha tu hapo mezani». Barua isiyo na muhuri ni kana kwamba haikuwahi kuandikwa, na utaihitaji nakala hiyo miezi mingi baadaye, pengine mbele ya ofisa ambaye hakuwapo ulipoileta.

Mkutano wa hadhara ukiitishwa, uombe hati inayojadiliwa kabla ya siku yenyewe. Hii ni haki yako, na bila hiyo mkutano hauna maana. Haiwezekani mtu akabidhiwe kitabu kikubwa cha makadirio mlangoni saa tatu asubuhi na kuombwa maoni saa nne. Inaniuma kuona jambo hili likifanyika katika kaunti nyingi na wananchi wakilichukua kuwa la kawaida. Ukumbini, mtu mmoja aseme kwa niaba ya mtaa, ataje ukurasa na mstari wa bajeti anaouzungumzia, kisha akabidhi maoni yaliyoandikwa kwa katibu wa kikao. Kinamama wanaouza vitu barabarani na watu wenye ulemavu wapewe nafasi ya kusema mapema, kwa kuwa mara nyingi ndio wanaoondoka kabla kikao hakijaisha, na shida zao hazisemwi ipasavyo na mtu mwingine.

Makadirio yakishaingia bungeni, yako mambo mawili ambayo wengi hawayajui. La kwanza ni kwamba bunge linaweza kuyabadilisha, lakini sheria inalitaka, likiongeza fedha mahali pamoja, lipunguze kiasi hicho hicho mahali pengine. Mkazi anayeiomba Kamati ya Bajeti «mtuongezee mtaro» anawaachia wajumbe mzigo wa kutafuta fedha. Mkazi anayesema mtaro wetu ulipiwe kwa kupunguza safari, semina au samani katika ukurasa fulani anawapa pendekezo ambalo linaweza kupigiwa kura. La pili ni kwamba Kifungu cha 196 cha Katiba kinaliagiza Bunge la Kaunti lifanye shughuli zake waziwazi, na haliwezi kuwafungia nje wananchi isipokuwa kwa sababu maalumu zinazokubalika. Nendeni mkakae katika sehemu ya wageni siku ya mjadala. Mwakilishi anapojua kwamba watu wa wadi yake wamo humo ndani, husoma karatasi zake vizuri zaidi.

Kama shida yenu ni kubwa kuliko mstari mmoja wa bajeti, kwa mfano mnataka sheria ya kaunti ya maegesho au ya biashara za barabarani ibadilishwe, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi katika Bunge la Kaunti. Ombi hilo linataka adabu fulani ya uandishi: liwe safi lisilofutwafutwa, lielekezwe kwa bunge, lieleze hatua mlizochukua kabla ya kufika hapo na majibu mliyopewa, liseme kama jambo hilo liko mahakamani, na kila anayetia sahihi aweke jina, anwani na namba ya kitambulisho. Nakala zenye mihuri mlizozihifadhi zinaingia hapa moja kwa moja.

Ushirikishwaji wa umma una meno. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, na katika uamuzi huo ikasema kwamba kaunti inapaswa kuwafikia watu wake kwa njia nyingi, zikiwemo makanisa, misikiti, mabaraza na redio. Jaji hakuridhika na tangazo peke yake. Uamuzi huo unafaa kutajwa katika barua, kwa upole, pale ambapo mkutano umetangazwa usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Bajeti ikipita na mtaro wenu ukiwamo, kazi iliyobaki ndiyo inayosahauliwa sana. Fedha kutoka hazina ya kitaifa huchelewa, madeni ya wakandarasi wa miaka iliyopita hulipwa kwanza, na katikati ya mwaka huja bajeti ya ziada ambayo inaweza kuuondoa mradi kimyakimya. Kila miezi mitatu soma taarifa ya Msimamizi wa Bajeti, ofisi ya kitaifa inayofuatilia matumizi ya bajeti za serikali, uangalie fedha za maendeleo zilizotumika zimefikia wapi. Sheria inaitaka kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo, na tofauti kati ya kilichotengwa na kilichotumika ndiyo itakayokuonyesha kama kuna matumaini. Fuatilia hasa siku bajeti ya ziada inapopelekwa bungeni, ulinganishe kurasa zake na bajeti ya kwanza.

Ukikosa jibu, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika kwa Kiswahili au Kiingereza, ueleze habari unayotaka kwa usahihi: nakala ya kandarasi, jina la mkandarasi, kiasi kilicholipwa, tarehe ya kukamilisha. Ofisi ina siku 21 za kukujibu, nayo inaweza kuongeza siku 14 mara moja tu kwa sababu zinazoelezwa. Isipojibu, sheria inahesabu kuwa imekataa, na una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huijua kama ofisi ya Ombudsman. Ambatisha nakala ya barua yako yenye muhuri na, kama unayo, ukurasa wa bajeti ulioutaja mtaro huo.