Kukagua ndege kuukuu ya injini mbili za pistoni kabla ya kulipa

Mwongozo huu unahusu ndege kama Piper Apache, Cessna 310 na Beech 18. Tafuta fundi mwenye leseni anayeijua aina hiyohiyo, wala asiwe yule anayeihudumia kwa muuzaji.

1. Vitabu. Linganisha namba za kiwandani kwenye vibao vya bodi, injini na propela na zile zilizoandikwa vitabuni. Pitia maelekezo ya lazima ya usalama, moja baada ya jingine, ukitafuta tarehe na sahihi. Beech 18 isiyo na rekodi za eksirei za spa (boriti kuu) ya bawa, achana nayo.

2. Injini. Tangazo likijisifu "saa 300 tu tangu ovahoo" (injini kufunguliwa yote na kufanywa upya), uliza ovahoo ni ya mwaka gani. Saa 300 kwa miaka 20 ni saa 15 kwa mwaka, na injini ya namna hiyo huozea hangani. Kwa injini nyingi za O-320 mtengenezaji wake, Lycoming, hupendekeza ovahoo kila saa 2000 au miaka 12, kinachotangulia.

Kwenye Lycoming kamshafti, mhimili wenye kemu (nundu) zinazofungua vali, imekaa juu ya krenki. Ndege ikilala muda mrefu oili huchuruzika yote, unyevu ukaingia, kutu ikashika kemu na tapeti zinazosukumwa nazo. Ikija kuruka, nyuso hizo huanza kumeguka, na unga wa chuma husafiri na oili injini nzima.

Kipimo cha kompresheni hakitakuonyesha hayo. Wanunuzi wengi hunaswa hapa. Kinapima ringi na vali tu. Kifanye hata hivyo, injini ikiwa bado ya moto, kwa kuingiza kwenye silinda hewa ya paundi 80 kwa inchi ya mraba. Silinda ikishika chini ya 60, sikiliza hewa inatokea wapi: kwenye bomba la ekzosi, vali ya ekzosi inavuja; kwenye mdomo wa kujazia oili, ni ringi au ukuta wa silinda. Usiihukumu silinda kwa kipimo kimoja, maana ringi zilizokaa sana huweza kujirudi baada ya kuruka. Ingiza na boroskopu, kamera nyembamba ya kuchungulia ndani ya silinda: vali yenye rangi tofauti upande mmoja wa ukingo imeanza kuungua.

Kwa kamshafti, kata filta ya oili, kunjua karatasi yake, osha, pitisha sumaku. Filta iliyofungwa juzi haina ushahidi wowote, basi uliza ina saa ngapi. Jibu la uhakika ni kung'oa silinda moja kwa kila injini na kutazama kemu kwa macho. Andikianeni mapema nani atalipia kazi hiyo. Muuzaji akikataa, mimi hukata bei ya ovahoo mbili.

3. Matangi ya mpira. Doa la bluu chini ya bawa ni petroli ya ndege, 100LL, inayovuja. Tangi lililoachwa tupu hukakamaa na kupasuka.

4. Magurudumu. Inua ndege kwa jeki, yakunjwe na kushushwa mara kadhaa, pamoja na njia ya dharura. Apache ina pampu moja tu ya haidroliki, iliyo kwenye injini ya kushoto. Piga ile ya mkono mpaka magurudumu yajifunge.

5. Angani. Ukiwa juu vya kutosha, karibu na uwanja, na mkufunzi wa aina hiyo pembeni, zima injini moja, kisha nyingine kwa zamu yake. Mapanga ya propela ya injini iliyozimwa yageuze ukingo kuukata upepo mara moja. Usichelewe kuvuta lifa ya propela: kwenye propela nyingi, mizunguko ikishuka chini ya 800 hivi kwa dakika, pini huyazuia yasigeuke tena.