Kabla hujafasiri "nafsi" katika Zaburi

Ukikuta "nafsi" katika Zaburi, usikimbilie kuwaza roho isiyoonekana. Kiebrania ni nefesh (ndugu wa neno letu, lililotufikia kupitia Kiarabu), nalo hubeba uhai, mtu mwenyewe, hamu, hata koo. Zaburi 69:1 inalia kwamba maji yamefika mpaka nafsini. Endelea na mistari miwili inayofuata: matope, mafuriko, koo lililokauka. Huyo ni mtu anayezama, maji yako shingoni! Zaburi 42 nayo, nafsi inaona kiu.

Ukilitafuta neno kwenye Biblia ya Kiebrania, angalia namba. Humo kichwa cha zaburi mara nyingi huhesabiwa kuwa mstari wa kwanza, kwa hiyo 69:1 yetu huko ni 69:2. Wengi hupotelea hapo.