Somo: Kuchoma video za harusi na kwaya kwenye DVD zikubali deki ya nyumbani

Somo hili ni la wanaorekodi harusi, send-off na kwaya kuanzia Mafinga hadi Tukuyu, ambao wateja wao hurudisha diski wakisema "imegoma". Mara nyingi diski yenyewe ni nzima. Tatizo ni kwamba faili la MP4 limenakiliwa kwenye diski kama linavyowekwa kwenye flashi, na deki ya kawaida haiijui MP4. Inachotafuta ni folda ya VIDEO_TS yenye mafaili ya IFO, BUP na VOB, ambayo ndiyo mafaili ya DVD. Ndani yake picha iwe ya aina ya MPEG-2, sauti iwe ya aina ya AC-3 au MP2 ya 48 kHz. Ikikosa hivyo, deki haichezi kitu.

Andaa kompyuta yenye draivu inayochoma DVD, programu za DVDStyler ya kutengeneza DVD na ImgBurn ya kuchoma (zote ni za bure), nafasi ya GB 15 hivi, na DVD-R tupu. Usimpe mteja DVD-RW: inaakisi mwanga hafifu, na deki nyingi za zamani haziisomi. Diski iliyoandikwa 4.7 GB kompyuta itaionyesha kuwa 4.37, na hapo hujapunjwa. Kiwanda kinahesabu kwa 1000, kompyuta inahesabu kwa 1024.

Hatua ya 1. Fungua DVDStyler, anza mradi mpya. Chagua PAL, mfumo wa picha ambao ni 720x576 kwa picha 25 kila sekunde, ndiyo ya televisheni za kwetu. Kwa kamera za sasa na simu iliyolazwa weka 16:9, yaani picha pana. Sauti weka AC-3.

Hatua ya 2. Pima muda kabla ya kuingiza chochote. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Diski moja ina ujazo mmoja tu, kwa hiyo kila dakika unayoongeza inapunguza bitireti, yaani wingi wa data kwa kila sekunde. Ukiacha akiba kidogo na sauti ikiwa kbps 192 (kilobiti kwa sekunde), saa moja inabeba video ya kbps 8,000, dakika 90 zinabeba 6,300, saa mbili 4,700, saa tatu 3,000. Usivuke 9,000 hata diski ikiwa na nafasi, maana mwisho wa DVD kwa video ni 9,800 na deki dhaifu huanza kukwama kabla ya kufika hapo. Kwa kbps 3,000 mchungaji akihubiri amesimama ataonekana vizuri. Subiri ukumbi uinuke kucheza, taa zikiwaka na kuzima: picha inavunjika miraba miraba, na hizo ndizo dakika familia inazorudia kutazama. Harusi ya saa tatu igawe diski mbili, kanisani na ukumbini. Gharama ya diski ya pili ni ndogo kuliko lawama.

Hatua ya 3. Buruta mafaili, panga mfuatano, tengeneza menyu fupi. Majina ya maharusi yasikae ukingoni mwa picha. Televisheni za chogo hukata pembeni pande zote.

Hatua ya 4. Usichome moja kwa moja. Chagua kutengeneza faili la ISO, yaani diski nzima ndani ya faili moja, kisha lifungue kwa programu ya VLC ujaribu menyu na sauti. Kosa likionekana hapa, hujapoteza diski.

Hatua ya 5. Fungua ISO kwa ImgBurn, weka kasi ya 4x au 8x, tia alama kwenye Verify (uhakiki wa diski baada ya kuchoma). Kwa 4x diski iliyojaa huchukua kama robo saa. Tumia laptopu yenye chaji, au UPS kwa kompyuta ya mezani: umeme ukikatika katikati, DVD-R hiyo hairudiki. Kwenye laptopu trei ikitoka kabla ya uhakiki, irudishe kwa mkono.

Andika jina kwa kalamu maalumu ya CD. Kalamu ya kawaida hukwaruza, na stika huifanya diski iyumbe ikizunguka.

MASWALI

Mwanachama, Makambako: Mkuu, dakika za mwisho zinakwama, mwanzo uko safi. Kwa nini?

Jibu: Diski inaandikwa kutoka katikati kwenda nje, kwa hiyo dakika za mwisho ziko ukingoni, ambako diski za bei ya chini huwa mbovu zaidi na ndiko vidole hushika. Ishia 4.2 GB badala ya kujaza, na uichome polepole.

Mwanachama, Iringa mjini: Nimerekodi kwaya kwa simu. Mwanzoni midomo na sauti vinaenda pamoja, baadaye vinaachana.

Jibu: Simu hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde kadiri mwanga unavyobadilika. Lipitishe faili kwenye programu ya HandBrake kwanza, chagua 25 na Constant Framerate (idadi ya picha isiyobadilika), halafu ndipo uingie DVDStyler.

Mwanachama, Njombe: Shikamoo mwalimu. Asubuhi ya Juni deki inaandika NO DISC, mchana inasoma diski ileile.

Jibu: Marahaba. Unyevu umeganda kwenye lenzi, hasa deki ikitoka chumba cha baridi kuingia palipowashwa jiko. Iwashe bila diski nusu saa ndipo ujaribu. Ikigoma hata mchana, safisha lenzi kwa pamba yenye spiriti safi kidogo, bila kukandamiza.

Mwanachama, Mbalizi: Deki ya mteja ina tundu la flashi. Bado nichome?

Jibu: Kama ana flashi, mwekee faili la AVI lenye video ya Xvid na sauti ya MP3, lisizidi 720x576, flashi ifomatiwe kwa FAT32. Faili moja lisifike GB 4, FAT32 haipokei. Lakini nakala ya DVD mpe vilevile, kwa sababu flashi ya nyumbani hufutwa watoto wakitaka kuweka nyimbo.