Dinari ya Kirumi: Serikali Imeichakachua au ni Bandia?

Dinari, yaani sarafu ya Kirumi ya madini ya fedha, kuwa na shaba ndani hakutoshi kuiita bandia. Serikali yenyewe ilichakachua, ikiyeyusha shaba na fedha pamoja hadi mchanganyiko ukaenea sarafu nzima. Mghushi alifanya kazi nyingine kabisa: alichukua kisahani cha shaba akakivika ngozi ya fedha. Kazi yako ni kujua unayoishika ni ipi kati ya hizo mbili.

Anza na kaisari aliyechorwa. Chini ya Augustus, ratili ya Kirumi (gramu 323 hivi) ilitoa dinari 84, na fedha ilizidi asilimia 95. Mwaka 64 BK Nero alitoa 96 kwa ratili ileile, karibu gramu 3.4 kila moja, na akaongeza shaba. Septimius Severus alishusha fedha hadi takriban nusu. Mwaka 215 Caracalla alileta sarafu mpya inayomwonyesha kaisari amevaa taji la miale, na kufikia 268, mwisho wa Gallienus, sarafu hiyo ilibaki na fedha asilimia 2 au 3 tu. Kwa hiyo wekundu kwenye sarafu ya Gallienus ni jambo la kawaida. Kwenye dinari ya Augustus, ni dalili mbaya.

Sasa shika lenzi ya kukuza mara 10 na uangalie ukingo kwanza, si uso. Mghushi alifunga kisahani kwa bati jembamba la fedha, akakipasha moto, kisha akakigonga chapa. Fedha peke yake huyeyuka kwa nyuzi 961 za Selsiasi, lakini inapogusana na shaba, tabaka la mpakani huyeyuka kwenye nyuzi 780 hivi, ndipo bati hujigundisha lenyewe. Udhaifu wake uko pale bati linaponyooshwa na kuwa jembamba: ukingoni, puani, kwenye nywele. Unyevu ukipenya, shaba huliwa, hufanya kutu ya kijani, huvimba na kuinua fedha juu yake. Tafuta malengelenge, mstari wa kiungio ukingoni, na doa jekundu ambalo mpaka wake una ngazi kali, yaani fedha inakatika ghafla na shaba iko chini yake. Ngazi hiyo ndiyo ushahidi bora kuliko wote.

Kwenye sarafu ya serikali wekundu hujitokeza polepole, bila ngazi. Mafundi walipasha visahani moto hadi shaba ya juu ikaungua, wakaviosha kwa asidi, ikabaki ngozi yenye fedha nyingi. Uchakavu huila ngozi hiyo kidogo kidogo.

Soma pia maandishi. Herufi zilizokosewa, au kichwa cha kaisari mmoja na mgongo wa sarafu ya mwingine, ni sababu ya kurudi ukingoni. Ila usidhani ukingo wenye meno kama ya msumeno unathibitisha kuwa sarafu ni halisi. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anasema makabila ya Wajerumani yalizipendelea dinari za namna hiyo, lakini za bandia zenye meno zipo pia.

Ukibaki na shaka, pima densiti, yaani uzito wa kitu kwa ujazo wake. Pima sarafu ikiwa kavu. Weka glasi ya maji yaliyokenekwa juu ya mizani, tia tone la sabuni, rudisha usomaji kwenye sifuri, kisha ining'inize sarafu kwa uzi mwembamba izame bila kugusa glasi. Gawanya uzito wa kwanza kwa usomaji wa pili. Fedha safi hutoa 10.5, nusu kwa nusu 9.67, shaba tupu 8.96. Mizani ya gramu 0.01 haitoshi: kwa sarafu ya gramu 3.30, kosa la gramu 0.02 tu, 0.32 badala ya 0.34, hukutoa asilimia 52 hivi ya fedha hadi 89. Tumia ya gramu 0.001, na sugua viputo vyote vitoke. Kutu na vitundu ndani hushusha jibu, kwa hiyo densiti ndogo peke yake haitoshi kuhukumu.

Mashine ya eksirei ya masonara husoma ngozi tu, hivyo husifia sarafu zote mbili kupita kiasi. Wakaguzi wa Kirumi waliangusha dinari na kusikiliza mlio wake. Wewe usijaribu, fedha ya kale huweza kupasuka kwa urahisi. Wala usiioshe kwa siki au ndimu: asidi huingia kwenye nyufa, hula shaba iliyo chini ya bati, na ngazi uliyokuwa unaitafuta hubomoka.