Achari ya kabichi na karoti bila kupoteza vitamini

Achari nyingi hapa Tanga hupikwa kwa mafuta na bizari, au huchemshwa kwenye siki. Tamu, sibishi. Lakini ukitaka lishe ya mboga yenyewe, ichachushe kwa chumvi bila moto. Vitamini C huharibiwa na moto, tena huyeyuka majini: ukichemsha mboga ukamwaga maji, nyingi imekwenda nayo.

1. Mboga. Chagua kabichi ngumu na karoti za Lushoto pale soko la Mgandini. Kabichi iliyonyauka haitoi maji. Osha, katakata nyembamba, upime kilo moja.

2. Chumvi. Gramu 20, yaani vijiko vya chai vitatu na nusu vya chumvi laini, visivyofurika. Hapa usikadirie kwa mkono. Ikipungua, mboga huoza kabla bakteria wazuri hawajashika kazi. Kanda dakika kumi hivi mpaka maji yatiririke.

3. Chupa. Shindilia kwenye chupa safi ya kioo, maji yafunike mboga kabisa, ukandamize kwa jani la kabichi. Ukungu unataka hewa. Bakteria wa kuchachusha hawaihitaji.

4. Kungoja. Kaskazi na joto lake, siku tatu zatosha. Kusi likivuma, tano hadi wiki. Legeza kifuniko kila siku gesi itoke. Povu ni la kawaida, lakini ukiona ukungu mweusi, wa kijani au wa pinki, tupa yote, usiondoe wa juu tu. Ikishachachuka unavyopenda, tia kwenye friji.

Sasa, umepata nini? Bakteria wamekula sukari ya mboga na kutoa asidi ya laktiki, ndiyo ukali unaouonja na ndiyo inayozuia kuoza. Nyuzinyuzi zimebaki, vitamini K imebaki, na sehemu nzuri ya vitamini C pia. Nahodha Mwingereza James Cook alipakia kabichi ya namna hii melini mwaka 1768 kuwakinga mabaharia wake na kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Rangi ya karoti mwili huigeuza vitamini A, ila huifyonza vizuri penye mafuta, kwa hiyo wali wa nazi pembeni si anasa.

Tatizo ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie gramu 5 kwa siku. Vijiko viwili vya chakula vya achari hii, kama gramu 30, vina gramu 0.6 hivi. Basi ukiweka achari mezani, punguza chumvi ya mchuzi, hasa kama una presha. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kwanza kabla ya kuila kila siku, kwa sababu vitamini K husaidia damu kuganda.

Maji yanayobaki chupani usimwage. Nyunyizia kwenye kachumbari badala ya chumvi, au juu ya maharage yaliyokwisha kuiva na kupoa kidogo. Usiyatie sufuriani.