Kumwongeza dereva kwenye bima ya gari: maliza kabla hujampa ufunguo

Fomu ya madai ya gari huanza na mambo ya kawaida: namba ya mkataba, namba ya gari, tarehe na mahali pa ajali. Kisha linakuja swali ambalo, kwa miaka niliyokaa kitengo cha madai, nimeliona likiwanyamazisha watu kuliko mengine yote: nani alikuwa kwenye usukani? Jibu likiwa ni mwenye gari, faili linaendelea. Likiwa ni mtu mwingine, afisa anafungua mkataba na kulitafuta jina lake. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba gari lilikuwa na bima, ila aliyeliendesha hakuwemo.

Inaniuma kwa sababu kazi yenyewe ni ndogo. Kumwongeza dereva ni suala la simu moja na nyaraka mbili tatu, ilimradi useme kweli nani anaendesha na mara ngapi, na usikabidhi ufunguo mpaka kampuni imethibitisha kwa maandishi.

Anza na mkataba ulio nao

Stika au cheti kifupi kinachokaa kwenye gari hakitoshi. Tafuta mkataba wenyewe, pamoja na ukurasa wenye taarifa zako, usome sehemu ya madereva wanaoruhusiwa. Utakuta moja ya mambo matatu. Mikataba mingine inamruhusu dereva yeyote mwenye leseni halali, mradi anaendesha kwa idhini yako. Mingine inataja watu kwa majina, na asiyetajwa hayumo. Ya tatu ndiyo inayowachanganya watu: inaruhusu dereva yeyote, lakini kwa masharti, kama vile awe ametimiza umri fulani au awe na leseni kwa muda fulani. Binti wa miaka ishirini aliyepata leseni mwezi uliopita anaweza kuwa nje ya mkataba huo hata kama juu yake pameandikwa "dereva yeyote".

Angalia pia kama kuna majina yaliyoondolewa. Dereva aliyeondolewa kwa jina asiguse gari hilo hata kulisogeza kwenye maegesho.

Ukiwa hapo hapo, soma matumizi ya gari. Kama bima ni ya matumizi binafsi na unayemwongeza anataka kubeba abiria au mizigo kwa malipo, kuandika jina lake hakutatui chochote. Hayo ni matumizi mengine na yana bima yake.

Nani aingizwe? Kwa kawaida, kila mtu wa nyumbani anayeweza kuuchukua ufunguo na kuondoka, na yeyote wa nje anayeendesha mara kwa mara: mpwa anayekaa kwako akisoma, dereva uliyemwajiri, mwenzi wako hata kama hamkai pamoja. Kampuni nyingine hutaka watajwe watu wazima wote wa nyumba moja wenye leseni, waendeshe wasiendeshe. Kwa mgeni wa wiki mbili, uliza kama wanaweza kumwongeza kwa muda. Wapo wanaofanya hivyo, na inagharimu kidogo kuliko kumweka mwaka mzima.

Dereva mkuu ni yule anayeendesha zaidi

Hapa naomba tukae kidogo, maana ndipo familia njema zinapoingia matatani.

Kijana akikatiwa bima kwa jina lake anatajiwa ada kubwa. Baba anasema, "Tuliandike langu, wewe uingie kama dereva wa ziada." Kama kweli baba ndiye anayeliendesha siku nyingi na kijana analiazima mwisho wa wiki, hakuna tatizo lolote. Lakini kama kijana ndiye anayeondoka nalo asubuhi kwenda kazini Jumatatu hadi Ijumaa, na baba analiona Jumamosi tu, maelezo hayo ni ya uongo, na kampuni za bima huyahesabu kuwa udanganyifu. Ada ndogo aliyolipa baba ilipangwa kwa hatari ya baba.

Tena hugundulika kirahisi. Ajali imetokea saa moja na nusu asubuhi, siku ya kazi, kwenye njia ya kwenda ofisini kwa kijana. Mpelelezi anauliza gari hulala wapi, nani hulipia mafuta, nani hulipeleka gereji, maegesho ya kazini yameandikishwa kwa jina la nani. Majibu ya watu wawili wanaopendana lakini hawakupanga maneno hayalingani hata kidogo. Kampuni inaweza kukataa kulipia gari, au kufuta mkataba mzima. Na mtu aliyeumizwa? Katika nchi nyingi sheria inailazimisha kampuni imlipe yeye, kisha kampuni inamgeukia mwenye gari airudishie fedha zake.

Sababu ya ukali huu ni ya zamani. Mwaka 1766, katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm huko Uingereza, Jaji Mansfield alieleza kwamba anayekata bima ndiye anayeujua ukweli wa hatari yake, na mwenye kampuni anategemea maneno yake. Msingi huo umeenea duniani. Baadhi ya nchi zimepunguza mzigo kwa mteja: Uingereza yenyewe, kwa sheria ya mwaka 2012, inamtaka mteja wa kawaida ajibu kwa uangalifu yale anayoulizwa badala ya kukisia kampuni ingependa kujua nini. Popote ulipo, ukiulizwa nani anaendesha zaidi, jibu lilivyo.

Leseni yake isomeke pande zote mbili

Kabla ya kupiga simu, kaa na huyo dereva akiwa na leseni mkononi. Utahitaji jina kamili kama lilivyochapishwa, tarehe ya kuzaliwa, namba ya leseni, madaraja yake, kazi anayofanya, anuani anayoishi, na uhusiano wenu. Utaulizwa pia ajali, madai na makosa ya barabarani ya miaka ya nyuma, mara nyingi mitatu au mitano. Muulize mwenyewe usikie kwa kinywa chake. Usijibu kwa niaba yake kwa kudhania. Ugonjwa unaogusa uendeshaji, kama kifafa au udhaifu wa macho, nao utajwe ukiulizwa.

Tarehe ndiyo inayoharibika zaidi. Leseni nyingi zina tarehe ya kutolewa kwa kadi, tarehe ya kuisha muda wake, na upande wa nyuma, kando ya kila daraja, tarehe ambayo mwenyewe aliruhusiwa kwa mara ya kwanza kuendesha aina hiyo ya gari. Kampuni inataka hii ya mwisho. Tulipomwongeza shemeji yangu, mtu aliyeshika usukani zaidi ya miaka ishirini, karani alinakili tarehe ya kadi, ambayo ilikuwa imebadilishwa mwaka uliopita. Akaonekana dereva mchanga, na ada ikapaa. Nilipouliza kwa nini, wakanisomea walichoandika. Nikatuma picha ya upande wa nyuma, tarehe ikarekebishwa, na ongezeko likashuka mara moja.

Zisome na zile alama ndogo za masharti. Kwenye leseni za Ulaya, kwa mfano, 01 inamaanisha mwenyewe lazima avae miwani au lenzi, na 78 inamaanisha anaruhusiwa magari ya otomatiki tu. Kama lako ni la gia za mkono, dereva mwenye 78 hana ruhusa ya kuliendesha, na jina lake kwenye bima halimpi ruhusa hiyo. Ndugu anayetoka nchi nyingine aje na leseni yake halisi. Kile kibali cha kimataifa cha udereva ni tafsiri inayoambatana nayo, na peke yake hakisimami.

Unapopiga simu

Kama ulikata bima kupitia wakala au dalali, anza kwake, lakini uthibitisho utoke kampuni. Waambie wakupe hesabu ya ada ukiwa na dereva huyo na usipokuwa naye, kwa mkataba uleule. Ongezeko hulipwa kwa muda uliobaki: ikibaki miezi minne kati ya kumi na miwili, unalipa kama theluthi ya ongezeko la mwaka, na huenda wakaongeza gharama ya kubadilisha karatasi. Usichukulie kwamba ada lazima ipande. Dereva mzoefu mwenye rekodi safi anaweza asiongeze kitu, na wakati mwingine akaishusha. Kinachopandisha ni umri mdogo, leseni changa, ajali na makosa. Jinsia hutumika sehemu nyingine, ila katika Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 21 Desemba 2012, hairuhusiwi kupanga ada kwa kuangalia mwanamke au mwanamume.

Uliza kuhusu eksesi, yaani kile kiasi unachobeba mwenyewe kabla kampuni haijalipa chake. Madereva vijana na wachanga mara nyingi wana eksesi ya ziada juu ya ile ya kawaida, na watu huijua siku ya ajali. Uliza pia punguzo lako la miaka ya kutodai litakuwaje yeye akigonga. Kwa kawaida litaguswa, maana mkataba ni wako. Yaongeeni haya mezani wewe na huyo dereva, mkubaliane nani atabeba eksesi, kabla hakuna aliyekasirika.

Jambo jingine la kumweleza ni kwamba kuwa kwenye bima yako hakumruhusu kuendesha gari la jirani. Amekingwa kwenye gari hili tu, labda mkataba useme vingine.

Wakikukatalia, uliza sababu. Wakati mwingine wanakubali kwa eksesi kubwa zaidi, au kwa sharti la kufunga kifaa kinachofuatilia mwendo wa gari. Wakishikilia hapana, tafuta bei kwa kampuni nyingine, au akate yake. Kumwachia ufunguo kimyakimya nakusihi usikufikirie.

Maandishi ndiyo yanayohesabika

Binti yangu alipopata leseni nilipiga simu mwenyewe. Kijana wa upande wa pili akaniambia, "Mama, ameshaingia kwenye mfumo, anaweza kuendesha." Nikamshukuru, nikamwomba anitumie maandishi. Yalipofika baadaye, tarehe ya kuanza ilikuwa kesho yake. Angetoka na gari jioni ile angekuwa barabarani bila kinga, na mimi nikiwa na hakika kwamba anayo. Alisubiri.

Kwa hiyo ukipokea cheti kipya au karatasi ya mabadiliko, isome herufi kwa herufi: jina, mwaka wa kuzaliwa, tarehe na saa ya kuanza, namba ya gari, nani ameandikwa dereva mkuu. Bima hairudi nyuma. Ajali ya saa tano haikingwi na uthibitisho wa saa sita. Hifadhi nakala kwenye simu yako na umtumie dereva, kwa sababu yeye ndiye atakayesimamishwa barabarani. Kama gari lina mkopo, angalia kama mkataba wa mkopo unataka benki ijulishwe.

Mabadiliko yake baadaye nayo yaripotiwe. Mwanafunzi wa udereva aliyefaulu mtihani lazima atajwe upya, na mara nyingi ada hupanda, kwa kuwa sasa anaendesha peke yake bila mtu wa kumwelekeza. Kosa jipya la barabarani, kazi mpya, kuhama nyumba, au gari kuanza kulala kwake badala ya kwako, yote yanahitaji simu nyingine.

Mkataba unapokaribia kuisha, pitia orodha ya majina kabla ya kulipa, kwa sababu karatasi ya kuhuisha hubeba taarifa za mwaka uliopita zilivyo. Na akinunua gari lake au akihama, omba atolewe, uulize kama kuna sehemu ya ada inayorudi kwako, na mwambie siku hiyo hiyo kwamba hayumo tena, ili akija kukutembelea asiuchukue ufunguo kwa mazoea.